Ugonjwa Usio na Mchawi: Elimu ya Skizofrenia kwa Familia za Shinyanga na Geita

Ninyi mnaoishi na skizofrenia wenyewe ndio wenye haki ya kwanza ya kuyapima nitakayoyasema. Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea kwa ushahidi na kujibu pingamizi zake. Nasema kwamba katika mikoa yetu hii miwili, kumfundisha mgonjwa na familia yake juu ya skizofrenia ni sehemu ya tiba, yenye uzito uleule wa kidonge na sindano. Na kazi kubwa ya mafundisho hayo ni kuitoa familia kwenye swali la nani kamfanyia hivi mtu wetu, na kuifikisha kwenye swali la tumtunzeje apate nafuu na asizidiwe tena. Swali la kwanza limekula ng'ombe, mashamba na miaka ya watu, na mara nyingine limeua. Swali la pili lina majibu, na majibu hayo yanafundishika.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Skizofrenia huvuruga namna ubongo unavyopokea na kupanga habari. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwake ni sauti halisi, zinazomwita jina, kumtukana au kumwamrisha. Huamini kwa uthabiti mambo ambayo hayapo: kwamba anafuatiliwa, kwamba chakula chake kimetiwa sumu, kwamba jirani anayasoma mawazo yake. Mazungumzo yake huweza kuruka kutoka jambo hadi jambo bila kiungo. Ziko pia dalili za kimya ambazo nyumbani husomwa kama uvivu au kiburi: haogi, hatoki ndani, hashiki jembe, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Kwa kawaida ugonjwa huanza mwishoni mwa balehe au katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume hutangulia kidogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 24 duniani wanao, yaani takriban mtu 1 kati ya 300. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,241,299 mkoani Shinyanga na 2,977,608 mkoani Geita. Tukilitumia kadirio hilo la dunia tunapata watu wapatao 17,000 katika mikoa hii miwili. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini inatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzii visa vya hapa na pale. Kila mmoja wa watu hao ana mama, ana ndugu, pengine ana mke na watoto, na wote hao wanaamka kila siku na ugonjwa ndani ya nyumba.

Je, watu hao wanatunzwa wapi? Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilianza mwaka 1927, na kwa vizazi kadhaa jina lake limebeba picha yote ya ugonjwa wa akili nchini. Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa tegemeo la kanda yetu ya Ziwa. Leo huduma za afya ya akili zimesogea hadi hospitali za rufaa za mikoa, na tangu 2021 Chato nayo ina hospitali ya rufaa ya kanda. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, mgonjwa wa Nyang'hwale au Ushetu akilazwa, hulazwa kwa wiki chache, kisha hurudi nyumbani kuishi na ugonjwa kwa miaka. Mtu atakayeona kwamba leo hakulala ni mama yake. Mtu atakayeamua kama nauli ya kwenda kliniki itatoka kwenye pesa ya pamba au ya mpunga ni baba au kaka. Mtu atakayemshika mkono asitoke usiku ni dada yake. Duniani kote, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ni watu watatu tu kati ya kumi wenye magonjwa ya aina hii wanaopata huduma ya wataalamu wa afya ya akili. Kwa hiyo tunapouliza nani anatibu skizofrenia kwetu, jibu la kweli ni kwamba familia ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na inaifanya bila kufundishwa.

Tazameni kwa karibu namna ukosefu wa mafundisho unavyoharibu tiba nzuri. Kijana amepelekwa hospitali akiwa amezidiwa. Anaanzishiwa haloperidoli, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayofanya kazi. Mama anakabidhiwa vidonge kwenye kipakiti kilichoandikwa 1x2 na tarehe ya kurudi. Nyumbani, ndani ya siku chache za mwanzo, shingo ya kijana inakakamaa na kujipinda upande mmoja, taya linakaza, macho yanapinda kuelekea juu na kugoma kushuka. Anatisha kumtazama. Hakuna aliyemwambia mama kwamba hilo ni tatizo linalofahamika la dawa za kundi hilo, kwamba huwapata zaidi vijana wa kiume, kwamba lina dawa yake ambayo wauguzi wengi huiita Artane, na kwamba akirudishwa kituoni huweza kutulia upesi. Kwa hiyo familia inasoma ilichokiona kwa macho yake kwa kutumia maarifa iliyonayo: kilichompanda kimechukizwa na vidonge. Vidonge vinatupwa chooni, na safari ya kwenda kwa mganga inaanza siku hiyohiyo. Baada ya miezi mitatu, anaporudishwa hospitali akiwa na hali mbaya zaidi, faili litaandikwa kwamba mgonjwa aliacha dawa. Sentensi tatu za maelezo, zikisemwa siku ya kwanza mbele ya mama na mgonjwa mwenyewe, zingezuia yote hayo.

Sasa niingie kwenye kiini cha hoja yangu, ambacho kinahusu historia ya mahali hapa. Usukuma na majirani zake tumebeba kwa miongo mingi aibu ya mauaji ya wazee wanawake waliodhaniwa kuwa wachawi, wengine wakishukiwa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni tu. Tumebeba pia aibu ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, ambayo kanda hii ilitajwa nayo duniani kote. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba njia ya kwenda kwenye damu hupitia mara nyingi kwa mtu anayeulizwa nani kasababisha, naye akataja. Katika mazingira hayo skizofrenia ina hatari ambayo magonjwa mengine hayana. Mwenye malaria hamtaji mtu. Mwenye skizofrenia, kwa nguvu ya ugonjwa wenyewe, anaweza kumtaja: anasema sauti anayoisikia ni ya shangazi, kwamba mke wa pili wa baba anamwekea kitu kwenye ugali, kwamba bibi wa jirani anaingia chumbani usiku. Daktari akisikia hayo anatambua dalili. Nyumba inayotafuta mchawi ikisikia hayo inapata shahidi. Dalili ya ugonjwa inageuka kuwa ushahidi wa mashtaka, na mtu asiye na hatia anaweza kuupoteza uhai wake kwa sababu ubongo wa mjukuu wake unaumwa.

Ndiyo maana nasema elimu hii, kwetu, inavuka mipaka ya afya ya mgonjwa mmoja. Familia inayojua kwamba kushuku watu wa karibu ni sehemu ya ugonjwa, kama homa ilivyo sehemu ya malaria, itamsikiliza mgonjwa kwa huruma bila kuchukua maneno yake kuwa hukumu. Itaweza kumwambia: naona unaogopa, na mimi niko hapa nawe, kesho tutakwenda wote kwa muuguzi. Haitabishana naye kwamba sauti hazipo, kwa sababu kwake zipo, wala haitaitika kwamba shangazi ndiye anayezitoa. Ustadi huo mdogo wa kuzungumza unamlinda mgonjwa na unamlinda shangazi.

Je, kuna ushahidi kwamba kufundisha familia kunabadilisha mwenendo wa ugonjwa? Upo, na ni wa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake jijini London walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini, na kufikia 1972 walikuwa wameonyesha kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, ukali au uangalizi wa kupita kiasi walizidiwa tena mara nyingi zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Kutokana na matokeo hayo, watu kama Julian Leff huko London, na Carol Anderson na Gerard Hogarty huko Pittsburgh, walitengeneza mipango ya kuifundisha familia ugonjwa ni nini, dawa hufanya nini, na namna ya kuishi pamoja bila kuchoshana. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikusanya majaribio 44 yenye washiriki 5,142. Waliopewa elimu ya ugonjwa walizidiwa tena na kulazwa upya mara chache zaidi, na walishika dawa vizuri zaidi. Kwa makadirio ya mapitio hayo, kila watu tisa wanaofundishwa, mmoja huepushwa kuzidiwa tena. Waandishi wake walikiri kwamba ubora wa majaribio mengi haukuwa wa juu, nami nakubali tahadhari hiyo. Lakini mwelekeo wa matokeo ni mmoja, na jambo lenyewe haligharimu mashine wala jengo jipya.

Mtu anaweza kusema London si Kakola ya huku kwetu. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka vijijini. Katika wilaya ya Xinjin nchini China, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 326 wa familia za vijijini kwa miezi 9, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kundi moja lilipata dawa pamoja na mafundisho kwa familia, la pili lilipata dawa peke yake, na la tatu halikupewa huduma ya mpango huo. Waliozidiwa tena walikuwa asilimia 16.3 katika kundi la kwanza, asilimia 37.8 katika la pili, na asilimia 61.5 katika la tatu. Zisomeni tarakimu hizo taratibu. Dawa ilisaidia sana, na mafundisho kwa familia yalipunguza tena kwa zaidi ya nusu kile kilichobaki. Hapa Afrika Mashariki, katika wilaya ya Sodo nchini Ethiopia, jaribio la wagonjwa 166 lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba wafanyakazi wa jamii waliofundishwa, wakiwatembelea wagonjwa na familia zao, walipunguza ulemavu unaoletwa na skizofrenia kuliko huduma ya kituoni peke yake. Na nchini mwetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, pamoja na wenzao kutoka Marekani, waliendesha mpango ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima katika Dar es Salaam na Mbeya. Walishirikisha jozi 66 za mgonjwa na jamaa yake, wakazilinganisha zilizokaa kwenye vikao vya makundi ya familia na zilizoendelea na huduma ya kawaida. Ulikuwa utafiti mdogo wa kujaribia, lakini ulionyesha kwamba Watanzania wanakuja, wanakaa pamoja na wanazungumza, na kwamba mafundisho haya yanaweza kuendeshwa katika hospitali zetu na kwa lugha yetu.

Mafundisho hayo yana nini ndani yake? Kwanza, chanzo. Skizofrenia haina sababu moja. Ipo sehemu ya kurithi: mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10, maana yake wengi hawaupati, na familia inayoulizwa wakati wa posa inaweza kujibu kwa ukweli badala ya kuficha. Yapo mambo ya ujauzito na uzazi, yapo mateso ya utotoni, na ipo bangi, ambayo ikivutwa kwa wingi tangu ujana huongeza hatari. Malezi ya mama hayamo katika orodha hiyo, na kila mama anapaswa kulisikia hilo waziwazi. Pili, dawa: kwa nini huendelea hata nafuu ikipatikana, madhara yake ni yapi, na kwamba kwa anayesahau vidonge ipo sindano ya mara moja kwa mwezi. Tatu, dalili za mwanzo za kuzidiwa, ambazo kwa kila mgonjwa zina sura yake. Huyu huanza kwa kukosa usingizi siku tatu mfululizo. Yule hukataa chakula cha mtu mmoja. Mwingine huanza kucheka peke yake au kufunga madirisha mchana. Familia na mgonjwa wanaziandika pamoja kwenye karatasi wakati akiwa mzima, na chini yake wanaandika nani atampigia nani simu, na kituo gani wataenda. Nne, matumaini yenye msingi: angalau mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengi wa waliobaki wanaweza kufanya kazi, kuoa au kuolewa na kulea watoto iwapo watasaidiwa.

Maeneo yetu ya machimbo ya dhahabu yana mahitaji yake. Umri ambao skizofrenia huanza ndio umri wa kuingia machimboni. Kijana aliyetoka Kigoma au Tabora kufuata rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu, huko Nyarugusu, Mgusu au Mbogwe anaanza kusikia sauti akiwa mbali na kila mtu anayemjua tangu utotoni. Wenzake wa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, wanadhani ni bangi au gongo, au wanadhani ametolewa kafara ili duara litoe dhahabu. Wapo pia wanaochoma zebaki kwa mikono yao, na sumu yake huleta kutetemeka, hasira, kusahau na kukosa usingizi; uchunguzi wa kimataifa uliofanyika Rwamagasa ulikuta watu walioathirika hivyo. Huo ni ugonjwa mwingine unaohitaji hatua nyingine, na ni kazi ya kituo cha afya kuutofautisha. Kwa hiyo katika machimbo lazima tulipanue neno familia. Msimamizi wa duara, mama ntilie anayemlisha, mwenzake wa chumba: hao ndio watakaomwona akibadilika, na ndio wanaopaswa kujua kwamba mtu wa namna hiyo hashushwi duarani na hapigwi, anapelekwa kituoni, na simu inapigwa nyumbani kwao. Wengi wenye ugonjwa huu hawadhuru mtu, na mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa.

Nije sasa kwenye pingamizi. Ya kwanza husema kwamba watu wetu wanaamini uchawi, na mhadhara wa saa moja hauwezi kufuta imani ya karne. Nakubali kwamba hauwezi, na elimu ninayoitetea haianzi kwa kudai hivyo. Watu wetu hupita njia mbili kwa wakati mmoja, na tiba za asili zinatambuliwa na sheria ya 2002. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, ukilinganisha na asilimia 24 ya waliokwenda kwenye vituo vya afya. Maana yake mganga tayari anapokea wagonjwa wetu, tupende tusipende. Kinachotakiwa ni makubaliano ya mambo manne ambayo kila familia inaweza kuyashika hata kama imani yake haijabadilika: dawa haiachwi, mgonjwa hafungwi minyororo wala kupigwa, hanyimwi chakula wala maji, na hakuna mtu anayetajwa kuwa chanzo. Familia ikishika hayo manne, na mgonjwa akapata nafuu, nafuu hiyo itafundisha zaidi ya mhadhara wowote.

Pingamizi ya pili ni nzito, nami siipuuzi: elimu bila dawa ni maneno matupu. Ikiwa muuguzi amemfundisha mama vizuri, kisha mama akafika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha, tumemdhulumu mara mbili. Tarakimu za Xinjin zinasema hivyohivyo, kwamba mafundisho yaliongezwa juu ya dawa. Kwa hiyo yeyote anayekubali hoja yangu anakubali pia kwamba halmashauri zetu lazima zihesabu dawa hizi miongoni mwa zile zisizopaswa kukosekana, na tuna mikoa yenye migodi mikubwa inayolipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Lakini pingamizi hiyo ikisemwa kama sababu ya kungoja, naikataa. Familia isiyojua jina la dawa haiwezi kuidai. Makundi ya familia yaliyofundishwa ndiyo yatakayoingia kwenye kikao cha kijiji na kuuliza kwa nini sindano ya mwezi huu haikufika.

Ya tatu inatoka kwa wanaowahurumia watunzaji. Wanasema mama huyu amechoka, ana shamba, ana wajukuu, na sasa mnamwongezea darasa. Zaidi ya hayo, matokeo ya London yanaweza kusomwa kana kwamba ukali wake ndio unaomrudisha mwanawe hospitali. Kweli, matokeo hayo yamewahi kutumiwa vibaya hivyo. Ukali unaoonekana nyumbani mara nyingi ni uchovu na hofu ya mtu aliyeachwa peke yake. Anayepiga kelele kwa kijana asiyetoka kitandani anaamini ni mvivu. Akijua kwamba kulala huko ni dalili, hasira inapungua yenyewe. Na darasa likifanyika siku ileile ya kliniki ya sindano, ambapo angekuja tu, halimwongezei safari. Linamkutanisha na wengine watano wenye mzigo wake, na kwa mara ya kwanza anasikia mtu akisema hata kwangu ni hivyo. Hapa nawaomba wanaume waliomo ukumbini wasikie: vikao hivi visiwe vya kina mama peke yao, kwa kuwa maamuzi ya ng'ombe na nauli mara nyingi yako kwenu.

Ya nne husema kwamba kumtajia mgonjwa jina la ugonjwa wake ni kumvunja moyo, afadhali aambiwe ni mawazo mengi. Lakini mgonjwa tayari anajua kwamba kuna kitu, na tayari ameshasikia akiitwa chizi barabarani. Tunapomficha, tunamwachia jina hilo peke yake. Anayejua kwamba anachougua kina jina la kitabibu, kina dawa, na wengine wamekiugua wakapata nafuu, ana kitu cha kushika. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mgonjwa akae ndani ya kikao, kwenye kiti sawa na wengine, na mipango ya kuzidiwa iandikwe kwa kauli yake. Jamaa wanaopanga maisha yake yeye akiwa nje ya mlango wanaweza kumpenda sana na bado wakamwonea. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 iliandikwa ili kumlinda. Haki hiyo haina nguvu kama yeye na ndugu zake hawajawahi kuisikia.

Je, tunao uwezo wa kuifanya kazi hii? Shinyanga ina jibu lake kwenye historia yake. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, ardhi ya mkoa huu ilikuwa imegeuka jangwa. Miti ilirudi kwa sababu wataalamu wa misitu hatimaye walijenga juu ya ngitili, yaani kutenga na kuhifadhi malisho, maarifa ambayo kaya za Wasukuma zilikuwa nayo tayari, wakaacha kuwatendea wakulima kama watu wasiojua kitu. Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, nalo lilianzia maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, likionyesha namna vijiji vinavyoweza kujipanga vikiona hatari inavihusu. Nguvu hiyohiyo ya ukoo, rika na kijiji ndiyo tunayoihitaji, ikipewa maarifa sahihi. Makamanda wa sungusungu wafundishwe kumtambua mgonjwa wanapomkuta usiku. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, wapewe somo la skizofrenia sambamba na la malaria na uzazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu wa akili tayari unaelekeza mgonjwa na jamaa zake waelimishwe, kwa hiyo muuguzi wa zahanati hahitaji kungoja kuwa bingwa ndipo aanze.

Nawaachia ombi lenye kipimo chake. Kila kituo chenye kliniki ya afya ya akili katika mikoa hii kianze na kundi moja la familia sita, likutane siku ya sindano, likiongozwa na muuguzi pamoja na mtu mmoja aliyewahi kuugua na sasa yuko imara. Baada ya mwaka mmoja tusipime kwa idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa wala semina zilizofanyika. Tuulize mambo matatu kwa kila familia: mgonjwa wenu amezidiwa mara ngapi, mlipoona dalili za mwanzo mlikwenda wapi kwanza, na je, katika mwaka huu kuna mtu yeyote aliyetajwa kwamba ndiye aliyemroga? Kundi likituambia kwamba waliziona dalili mapema, walikwenda kituoni wakiwa na mgonjwa anayetembea kwa miguu yake, na hawakumtaja mtu, tutajua kwamba mafundisho yamefanya kazi yake. Likituambia vinginevyo, tuyarekebishe na kuendelea, kwa sababu watu hawa 17,000 ni wetu, na wazee wanaotajwa majina usiku ni wetu pia.